Muulize Shangazi wa Magari: Kung'oa Viti Hakung'oi Ushuru

Barua za mwezi huu nimezisomea juu ya kaunta ya duka langu la spea hapa Nakuru, kati ya makopo ya oili na maboksi ya breki. Karibu zote zinauliza jambo moja: gari likiitwa la biashara, kodi inapungua? Nimechagua nne. Ya kwanza nitakaa nayo sana kwa sababu mwandishi wake yuko karibu kutoa pesa.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mkulima wa viazi karibu na Molo, na nina ng'ombe watatu wa maziwa. Kaka yangu anaishi Norwei. Ameniambia kwamba huko watu hununua gari zuri la familia, wanatoa viti vya nyuma, wanaweka ukuta, basi gari linahesabiwa la mizigo na kodi inashuka. Nataka kuagiza Toyota Noah, gari la familia, kutoka Japani. Nikitoa viti na kuziba vioo vya nyuma kwa bati, nitatozwa kama mwenye vani? Kuna wakala mjini ameniambia atajaza "vani" kwenye makaratasi, mimi nimpe ya chai tu. — Mkulima wa Molo*

Marahaba, mwanangu. Kaka yako hajakudanganya. Norwei wana daraja la vani zinazovaa namba za kijani, na ushuru wake wa usajili ni mdogo kuliko wa gari la abiria. Lakini mwulize amalizie hadithi. Nyuma ya kiti cha dereva lazima liingie sanduku la sentimita 140 kwa urefu, 90 kwa upana na 105 kwenda juu, na kuwe na kizuizi kati ya dereva na mzigo. Sanduku lisipoingia, hakuna namba ya kijani. Ni sheria iliyoandikwa, na mtu haibi kitu akiifuata.

Sisi hatuna sheria ya sanduku. Forodha ya Kenya, kama za nchi nyingi duniani, ina kifungu cha 8703 cha magari yaliyoundwa hasa kwa kubeba watu, na 8704 cha magari ya kubeba mizigo. Neno la kushika hapo ni "yaliyoundwa". Afisa haulizi wewe utabeba nini. Anatazama kiwanda kilikusudia nini. Je, nyuma kuna viti vya kudumu vyenye mikanda, au mahali palipotengenezwa kwa ajili ya kuvifunga? Kuna vioo pande zote mbili? Kuna zulia, taa za ndani, matundu ya hewa baridi kwa abiria wa nyuma? Hayo yote yanamwambia kwamba ameona gari la watu. Vani ya kweli utaiona kwa bati tupu ubavuni, ukuta nyuma ya dereva, na sakafu isiyokuwa na hata tundu moja la kiti.

Najua wanavyotafuta hayo matundu kwa sababu nilisimama hapo hapo. Kabla ya kuolewa huku bara nilikuwa karani wa wakala wa forodha Mombasa, miaka kumi na minne. Siku moja mteja wetu alishusha gari la viti saba ambalo viti vya nyuma vilikuwa vimetolewa hukohuko Japani, na ndani likawekewa ubao mzuri uliopakwa vanishi. Makaratasi yalisema vani. Afisa aliyekuja kukagua hakuyagusa. Alipanda nyuma, akapiga magoti na suruali yake iliyopigwa pasi, akainua kona ya ubao, akamulika tochi. Kisha akaingiza kidole ndani ya tundu la bolti mpaka kwenye pingili ya pili, akanitazama. "Dada, hapa palikuwa na nini?" Mimi kimya. Akainuka, akapitisha kiganja kwenye nguzo ya mlango, akanionyesha duara ambalo rangi yake ilikuwa bado mpya, pale uliposhikizwa mkanda. Hakuhitaji kusema lingine. Mteja alilipa ushuru wa gari la abiria, akalipa faini, akalipa yadi siku kumi na tisa gari likikaa juani. Alipotaka kurudisha viti ili angalau abebe watoto, akakumbuka vimebaki Yokohama.

Na usidhani ni ujanja wa Kenya peke yake. Marekani hutoza pikapu na vani zinazotoka nje asilimia 25 tangu 1964, ushuru uliozaliwa na ugomvi wao na Ulaya kuhusu nyama ya kuku, ilhali gari la abiria kwa miaka mingi lilikuwa likitozwa asilimia 2.5. Basi Subaru wakaunda kijipikapu kiitwacho BRAT, wakafunga viti viwili vya plastiki kule nyuma penye mzigo, abiria wakitazama walikotoka, ili kiitwe gari la abiria. Ford nao wakaleta vani zao za Transit Connect kutoka Uturuki zikiwa na viti na vioo vya nyuma. Zikishapita forodha, viti vinang'olewa. Mwaka 2024 Ford walikubali kulipa dola milioni 365 kumaliza madai ya serikali juu ya magari hayo. Kampuni yenye mawakili ghorofa nzima! Wewe una wakala mmoja anayetaka chai.

Huyo wakala tuongee habari zake. Tamko la forodha linabeba PIN yako, namba yako ya mlipakodi, si yake. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kifungu cha 203, inampa mtu aliyetoa tamko la uongo kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Siku ya kuitwa utaitwa wewe, na yeye atakuwa na simu iliyozimwa.

Sasa hesabu, uone unachokimbia ni kiasi gani. Tuseme KRA, mamlaka ya mapato, wameipa Noah yako thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000. Thamani hiyo hawaichukui kwenye risiti yako ya Japani. Wanaanza na orodha yao ya bei za magari mapya, ile mawakala wanaiita CRSP, halafu wanapunguza kwa umri. Kwa viwango vya 2025, ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani 350,000. Injini ya Noah inapita cc 1500, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 25 ya jumla hiyo mpya ya 1,350,000, ambayo ni 337,500. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 inapigwa juu ya vyote, 270,000. Ongeza ada ya tamko la uagizaji (IDF) asilimia 2.5 na tozo ya reli asilimia 2, pamoja 45,000. Jumla 1,002,500. Umenunua gari mara mbili, na serikali ndiyo imechukua la pili. Kizunguzungu chako nakielewa kabisa.

Lakini hata ungekuwa na vani halali, wewe mkulima wa viazi ungepata nini zaidi? Wengi wanaosema "gari la biashara lina nafuu ya kodi" wanazungumzia kurudishiwa VAT. Viazi vibichi na maziwa ambayo hayajasindikwa vimesamehewa VAT, kwa hiyo wewe huitozi, na asiyeitoza hawezi kuidai. Na kama unalipa ile kodi ya mauzo ya asilimia 3, ya wenye mapato kati ya milioni moja na milioni 25 kwa mwaka, inahesabiwa juu ya mauzo yote bila kutoa gharama. Uwe na vani, punda au mkokoteni, hesabu ni ileile.

Kwa hiyo chagua gari kwa mzigo wako. Gunia la viazi kisheria ni kilo 50. Gunia kumi ni nusu tani, na Noah imeundwa kubeba familia na mabegi yao. Hata Probox tunayoiona ikipanda mlima na kabichi mpaka mlango wa nyuma haufungi, Toyota wameiandikia kilo 400 tu, dereva na mtu mmoja wakiwa mbele. Watu wa Molo mnajua barabara zenu za mvua. Tafuta pikapu ya kabini moja, hata kama ni ya hapa nchini iliyokwisha kutumika, ambayo ushuru wake ulilipwa na mtu mwingine zamani.

*Shangazi, habari za kazi. Nina karakana ya fanicha Kisumu, tunauzia shule madawati na meza. Kampuni imesajiliwa VAT. Mhasibu anasema ninunue vani ya mizigo, mume wangu anataka Toyota Wish ili Jumapili itupeleke kanisani. Kodi inatofautiana kweli au mhasibu ananitisha? — Mama Madawati*

Njema, mama. Mhasibu wako mwongeze mshahara.

Wewe ndiye mtu ambaye nafuu hii ilitungiwa. Madawati yako yanatozwa VAT, kwa hiyo VAT unayolipa kwa vitu vya kazi unaikata kwenye ile unayopaswa kupeleka KRA. Sheria ya VAT ya 2013, kifungu cha 17, inakataza jambo moja waziwazi: huwezi kukata VAT ya gari la abiria wala ya basi dogo, wala ya matengenezo yake, wala ya spea zake, isipokuwa kazi yako ni kuuza au kukodisha magari hayo. Rudi juu kwenye mfano wa Mkulima wa Molo. VAT peke yake ilikuwa 270,000. Kwa Wish, pesa za namna hiyo zimekwenda. Kwa vani ya mizigo inayobeba madawati, zinarudi kwenye hesabu zako. Na kila ukija kununua shokabsoba na mikanda ya injini, vani inakuja na risiti inayokatwa, Wish inakuja na risiti ya kuwekwa kwenye droo.

Kuna kosa moja ambalo nimeliona likifanywa na watu waliosoma. Gari linaagizwa kwa PIN ya binamu kwa sababu binamu ndiye aliyekuwa na akaunti kwa muuzaji, halafu kampuni inataka kudai VAT. Haiwezekani. Tamko la forodha na risiti ya malipo lazima viwe na jina na PIN ya kampuni tangu mwanzo. Kubadilisha logbuku, cheti cha umiliki wa gari, baadaye hakusaidii.

Upande wa kodi ya mapato, gharama ya gari inakatwa asilimia 25 kwa mwaka. Utasikia watu wakitaja kikomo cha shilingi milioni tatu kwa gari lisilo la biashara. Kikomo hicho kinawauma wenye magari ya bei kubwa, Wish haikifikii, kwa hiyo usikipe nafasi kichwani.

Vani nayo ina mambo yake. Kila mwaka utaipeleka kwa ukaguzi wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani; kituo kipo hapohapo Kisumu. Kabla ya hapo utalipa kodi ya mapema inayokadiriwa kwa tani za mzigo. Hiyo itunzie risiti kwa sababu inakatwa kwenye kodi yako ya mwaka, na watu wengi huisahau wakaizawadia serikali. Bima yake ni ya biashara. Na mwambie baba watoto kwamba vani ya mizigo haina kiti cha mama mkwe. Kama Jumapili ni lazima, nunueni vani kwa jina la kampuni na kigari kidogo cha nyumbani kwa jina lake. Msichanganye.

*Shangazi, mimi niko Bahati. Nina Noah ya nyumbani, logbuku inasema gari la kibinafsi. Nimekunja viti vya nyuma na ninabeba mayai ya majirani kupeleka Nakuru mjini. Wananilipa kwa kila trei. Je, ni lazima nibadilishe chochote? Polisi hawajawahi kunisumbua. — Mama Trei*

Mwenzangu, polisi ndiye mdogo wa wasiwasi wako. Nikueleze yaliyotupata.

Mume wangu alikuwa akifanya kazi hiyohiyo, mayai yaleyale ya Bahati, kwa Noah yenye bima kamili ya gari la kibinafsi. Alfajiri moja yenye ukungu, upande wa Mbaruk, lori lilisimama ghafla mbele yake. Yeye alitoka na mkwaruzo kwenye paji la uso. Gari lilikunjika pua yote, na trei sitini za mayai zikaja mbele pamoja. Hujui trei sitini ni nini mpaka uyaone mayai 1,800 yamekaa kwenye dashibodi, kwenye redio, kwenye mifereji ya hewa. Harufu ilikuwa bado imo miezi mitatu baadaye.

Mkadiriaji wa bima alikuja yadini, kijana mpole, akalipiga gari picha kila upande. Akauliza kama anayezungumzia hali ya hewa: "Mzee, mayai yalikuwa yako?" Mume wangu ni mtu wa kweli, Mungu amjalie. Akajibu, "Hapana, ya majirani, wananilipa shilingi kumi kwa trei." Kijana akaandika mstari mmoja. Baada ya wiki tatu ikaja barua: gari lilikuwa likibeba mzigo wa watu kwa malipo, kinyume na masharti ya mkataba, kwa hiyo hakuna fidia. Nilikasirika, nikataka kwenda mahakamani. Nikautoa mkataba kabatini, nikasoma ukurasa wa matumizi ya gari. Ilikuwa imeandikwa hapo, kwa herufi ndogo lakini kwa lugha ninayoielewa, mimi niliyekuwa nikiwasomea wateja mikataba Mombasa.

Kwa hiyo kwako mambo yanafuatana hivi. Zungumza na kampuni yako ya bima wiki hii, kabla ya safari nyingine. Waambie hasa unachofanya. Bima ya kibinafsi ni moja, bima ya kubeba mzigo wako mwenyewe ni nyingine, na ya kubeba mzigo wa watu kwa malipo ni ya tatu. Yako ni ya tatu, na ndiyo ghali zaidi. Ukibeba mayai ya kuku wako tu, unashuka ya pili. Halafu ukiamua kuondoa viti kabisa, umbo la gari limebadilika, na logbuku lazima ibadilike: ombi linapitia akaunti yako ya eCitizen kwa NTSA, gari linakaguliwa, na maelezo mapya yanaandikwa. Ushuru wa forodha uliolipwa Mombasa haurudi hata senti kwa kubadilisha huko, kama ndilo ulilokuwa ukilitarajia. Viti ukivikunja tu na kuviacha mahali pake, hujabadilisha gari. Umebadilisha matumizi, na hilo linaihusu bima.

Na piga hesabu upya ya malipo ya trei. Sisi tulikuwa tukidhani tunapata faida.

*Shangazi, nimepata Hiace ya mizigo kwenye mnada wa Japani kwa bei ya kutupa, mwaka 2016. Rafiki yangu wa Kakamega anasema sheria ya miaka minane ni ya magari ya watu binafsi, ya biashara hayaguswi. Nilipe? — Kijana wa Bungoma*

Usilipe. Kiwango cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kiitwacho KS 1515, hakimuulizi mtu kama ni mfanyabiashara. Gari lililotumika lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Kwa mwaka 2025 mpaka ulikuwa magari ya 2018 kuja juu, 2026 ni 2019. Hiace hiyo ikifika Mombasa itarudishwa au itapondwa, na gharama ni yako. Ndiyo maana inauzwa bei ya kutupa. Walioiangalia kabla yako walihesabu miaka.

Ukipata nyingine, usiamini mwaka ulioandikwa kwenye tangazo. Muombe muuzaji picha ya cheti cha usajili cha Japani na utafute tarehe ya usajili wa kwanza. Mara nyingi wanahesabu miaka kwa enzi za wafalme wao: Heisei 30 ni 2018, Heisei 31 ni miezi minne ya mwanzo ya 2019, na kuanzia Mei mwaka huo ni Reiwa 1. Ukiona Heisei 28, hiyo ni 2016, ileile uliyonayo mkononi sasa.